MATEMBEZI YA FAMILIA KALAMBO: UFUKWE, KONGOTI NA MAGOGO YA KALE

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi)



Kila inapokaribia likizo ya skuli huulizwa swali lile lile: familia ya mtumishi wa kawaida iende wapi, ikiwa inataka kutembea kwa miguu, kuona ndege na wanyama, na kurudi salama pamoja na watoto wake? Wengi wa visiwani hujibu Jozani kwa ajili ya kima punju, au Kidike kwa ajili ya popo wa Pemba, na jibu hilo ni zuri. Mazungumzo haya yanahusu mahali pa mbali zaidi, ambapo mtumishi aliyepata uhamisho, masomo au safari ya kikazi katika Mkoa wa Rukwa hana udhuru wa kutopafika. Napo ni ufukwe wa Ziwa Tanganyika upande wa Kasanga, na Bonde la Mto Kalambo lililo jirani yake.

Eneo hilo limo katika Wilaya ya Kalambo, iliyoanzishwa mwaka 2012 kutokana na iliyokuwa Wilaya ya Sumbawanga Vijijini, na makao makuu yake ni Matai. Msafiri atokaye Sumbawanga hufuata barabara ya Matai hadi bandari ya Kasanga, ambayo ni kilomita 112 kwa jumla. Mpaka Matai yumo katika uwanda wa juu wa Ufipa, unaozidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, penye mashamba ya mahindi, maharage na ulezi. Baadaye nchi huporomoka kuelekea ziwani, ambako usawa ni kiasi cha mita 770. Kwa sababu hiyo, katika siku moja mtoto huhitaji sweta asubuhi na kofia ya jua mchana. Baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa Juni na Julai huwashangaza sana watu wa pwani, na wazazi wengi hawaiamini mpaka iwafike.

Matembezi ya ufukweni huanzia Kasanga, mji ambao Wajerumani waliuita Bismarckburg, na ambao meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, iliupitia kwa miaka mingi katika safari zake kati ya Kigoma na Mpulungu. Mtembezi huelekea kusini, ziwa likiwa kuliani kwake. Mtu wa Unguja au Pemba atahisi yuko nyumbani: mawimbi yapo, upepo upo, wavuvi wanatengeneza nyavu, na dagaa wameanikwa juani. Lakini atangojea maji yapwe, nayo hayatapwa. Ziwa halina bamvua wala maji mafu. Hupanda na kushuka kwa majira ya mvua na kiangazi, na tena kwa mizunguko ya miaka mingi. Tangu mwaka 2020 ziwa lilipanda kwa kiwango kilichozamisha makaazi na fukwe katika nchi zote nne zinazolizunguka. Kwa hiyo njia aliyoipita mtu mwaka mmoja huenda mwaka mwengine ikawa chini ya maji, na ni lazima kuuliza wenyeji asubuhi ile ile kabla ya kuondoka.

Ndege wa ufukweni hawahitaji mtaalamu. Mdiria mweusi na mweupe husimama hewani kwa kupiga mabawa, kisha hujitupa majini kichwa mbele. Mnandi hukaa juu ya jiwe amefunua mabawa yake yakauke. Furukombe husikika kabla ya kuonekana, na mtoto aliyeisikia sauti yake mara moja hataisahau. Mawe ya kandoni ni mahali pa kenge na mijusi, na chini ya maji safi karibu na mawe huonekana samaki wadogo wa rangi nyingi. Ziwa hili, ambalo kina chake hufikia mita 1,470, lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii hiyo, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Uzuri wa maji hayo usimlaghai mzazi. Mamba wapo katika ziwa, hasa karibu na midomo ya mito yenye matete, na mdomo wa Mto Kalambo ni mmoja wa mito hiyo. Kiboko pia hutoka kula majani wakati wa jioni. Hali kadhalika, kichocho, maradhi ambayo watu wa visiwani wanayafahamu vyema, yapo katika maji ya baridi ya eneo hilo, hasa yaliyotulia penye majani. Kuoga kwa watoto kuwe pale tu ambapo wenyeji wenyewe wanaoga na wamethibitisha usalama wake; na mahali pasipo mtu wa kuuliza, watoto wasiingie majini kabisa.

Siku ya pili iwe ya maporomoko. Kujaribu kuyaunganisha matembezi haya mawili katika siku moja, kwa kupanda kutoka ziwani kupitia bondeni, ni kazi ya vijana wenye mafunzo wakiongozwa na mwenyeji. Familia ipite barabarani, ifike juu kwa upande wa kijiji cha Kapozwa, iandikishwe na kulipa kiingilio kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, unaolisimamia eneo hilo kama hifadhi, kisha ipewe mwongozaji.

Mto Kalambo huanzia katika uwanda wa Ufipa na, kwa sehemu ya mwisho wa safari yake, ndio mpaka wa Tanzania na Zambia. Ukifika ukingoni mwa uwanda, huanguka kwa mfululizo mmoja usiokatika wa zaidi ya mita 200. Vipimo vingi hutaja mita 221. Hayo ni mara mbili ya kimo cha maporomoko ya Victoria yaliyoko kati ya Zambia na Zimbabwe, ingawa maji yake ni machache mno kuliko ya huko. Chini yake limechimbika bonde lenye kina kinachofikia mita 300, linaloendelea kwa kiasi cha kilomita tano kabla ya kufunguka kuelekea ziwani.

Zimejengwa ngazi za kuteremkia bondeni, na hapo ndipo familia nyingi hukosea hesabu. Kushuka ni furaha. Kupanda kunataka mara mbili ya muda na mara tatu ya maji ya kunywa. Mtoto wa miaka sita atashuka akiimba na kupanda akiwa mgongoni mwa baba yake. Inafaa familia igawanyike: wenye nguvu washuke, na wazee pamoja na watoto wadogo wabaki juu mahali pa kutazamia, ambapo kwa hakika ndipo panapoonekana vizuri zaidi kitu kinachostahili kutazamwa kuliko maji yenyewe.

Kitu hicho ni kongoti. Katika kuta za mawe za bonde hili huzaa kongoti wengi, na hilo si jambo la kawaida, kwa kuwa ndege hao mahali pengi hujenga matundu yao juu ya miti. Kongoti ni ndege mrefu anayeweza kufikia mita moja na nusu, mwenye kichwa kisicho na manyoya na mfuko unaoning'inia shingoni. Watu wengi hudhani mfuko huo ni wa kuwekea chakula, lakini umejaa hewa tu na haukuungana na njia ya chakula. Watoto watafurahi zaidi wakielezwa kwamba ndege huyo hujinyia miguuni makusudi ili ipoe wakati wa jua kali, ndiyo maana miguu yake huonekana myeupe. Akiwa chini huonekana kiumbe asiyependeza. Akijirusha kutoka jabalini na kutandaza mabawa yake juu ya bonde, huwa ni ndege mwengine kabisa.

Kongoti huzaa wakati wa kiangazi, ambapo mabwawa hukauka na samaki na vyura huwa rahisi kukamatwa. Hutaga mayai mawili au matatu, huyaatamia kwa kiasi cha mwezi mmoja, na makinda hukaa tunduni zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuruka. Katika muda wote huo kinda aliyeachwa peke yake yuko hatarini kwa jua na kwa ndege wanyang'anyi. Jiwe moja linalotupwa bondeni na kijana anayetaka kusikia mwangwi huweza kuwarusha wazazi wa upande mzima wa jabali. Kwa sababu hiyo yapasa mawe yasitupwe, redio zisifunguliwe kwa sauti kubwa, na videge vya kupigia picha visirushwe bila ya idhini ya wasimamizi. Mifuko ya plastiki nayo isiachwe, kwani kongoti ni mla mizoga na taka na humeza anachokikuta.

Hapa mgeni hana budi kuchagua. Mvua za Ufipa huanza Novemba na kumalizika Aprili au Mei, na maji huwa mengi kabisa mwisho wa mvua. Ndege huwa wengi baadaye, maji yakiwa yamepungua. Anayekwenda Juni au Julai hupata sehemu ya yote mawili, na miezi hiyo ndiyo inayofaa zaidi kwa familia, kwa kuwa njia zimekauka. Wengine watakaoonekana njiani ni nyani, ngedere na pimbi. Nyani wasipewe chakula hata kidogo, na mikoba ifungwe.

Jambo jengine halionekani kwa macho lakini lazima lielezwe. Juu kidogo ya maporomoko, mtaalamu wa mambo ya kale J. Desmond Clark alianza uchimbaji katika miaka ya 1950 akapata zana za mawe na vipande vya mbao. Wachimbaji wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walirudi mwaka 2019 kwa upande wa Zambia, na mwezi wa Septemba 2023 matokeo yakatangazwa: magogo mawili, moja limekaa juu ya jengine, na la juu limechongwa pengo ili yakamatane. Umri wake ni kiasi cha miaka 476,000. Umri huo ulipatikana kwa kupima muda uliopita tangu chembe za mchanga uliofukia magogo hayo zilipoona jua mara ya mwisho.

Fundi wa boriti wa Unguja ataelewa mara moja uzito wa khabari hiyo. Kuchonga pengo ili mti mmoja ukae juu ya mwengine bila ya kuteleza ni kazi ya mtu anayeiona nyumba kabla haijasimama. Na waliofanya hivyo waliishi kabla ya binadamu wa umbo la sasa, ambaye mabaki yake ya zamani kabisa yanayojulikana ni ya kiasi cha miaka 300,000. Mbao hizo zilisalimika kwa kuwa zilizama katika udongo usiokauka, kama gogo la mkoko linavyodumu katika tope lisilopata hewa.

Kutokana na hayo, jiwe lililochongoka linaloonekana njiani huenda likawa zana ya kale. Mtoto akiliokota aelezwe alirudishe pale pale, na mwongozaji aonyeshwe mahali penyewe, kwani jiwe likishahamishwa huwa limepoteza zaidi ya nusu ya khabari zake. Ng'ambo ya mto ni nchi nyengine. Wakaazi wa pande mbili ni Wamambwe na Walungu wanaosikilizana, lakini mgeni havuki bila ya hati zake.

Watakaobaki na siku moja Sumbawanga waulize juu ya msitu wa Mbizi, ambako wapo kima wekundu, jamaa wa karibu wa kima punju wa Jozani. Ruhusa na mwongozaji wa huko navyo hupatikana kwa wasimamizi wa misitu, na msitu huo una baridi zaidi kuliko Matai.