Baada ya Arobaini: Wasanii Waliotangulia na Kazi Walizotuachia



Kuzika tunajua. Aprili 2012 mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alipofariki akiwa na miaka 28, umati uliofurika viwanja vya Leaders Kinondoni kumuaga ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wengine walizimia. Mwaka uliofuata, Aprili 17, akafariki Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, na mazishi yake yakahudhuriwa na marais wawili, Jakaya Kikwete wa Muungano na Ali Mohamed Shein wa Zanzibar. Novemba 2024 alipoondoka mwanamuziki King Kikii, hukuhitaji kusoma gazeti ili ujue. Ilitosha kusikia wimbo wake, Kitambaa Cheupe, ukipigwa redioni saa ambazo kwa kawaida hupigwa nyimbo za vijana.

Kwa hiyo sikuja kulalamika kwamba hatuwaheshimu wasanii. Lalamiko hilo limezoeleka, na sehemu kubwa si kweli. Neno langu ni jingine: tunamlilia mtu huku kazi yake ikitutoka mikononi. Arobaini ikishasomwa, nani anauliza wimbo ule alitunga nani, ulirekodiwa mwaka gani, gitaa la solo alipiga nani, kanda iko wapi, na nani anaendelea kula jasho la marehemu?

Tazameni tanzia zetu. Marehemu alikuwa mcheshi, mtu wa watu, hakubagua mkubwa wala mdogo, na ameacha pengo lisilozibika. Chukua tanzia ya mpiga besi, badilisha jina tu, itamfaa mwigizaji wa vichekesho wa Tanga bila kugusa koma. Sidharau maneno hayo. Msibani yana kazi yake. Tatizo ni kwamba miaka kumi baadaye mwanafunzi wangu anayaokota magazetini kana kwamba ndiyo historia.

Bi Kidude ni mfano mzuri. Umri wake ulitajwa kila mahali, na aghalabu ulizidi miaka mia moja. Mwenyewe alizoea kusema amezaliwa enzi za rupia, nasi tukaipokea kauli hiyo kama cheti cha kuzaliwa. Lakini rupia ilitumika Zanzibar mpaka shilingi ya Afrika Mashariki ilipoingia mwaka 1936, hivyo kauli hiyo peke yake haithibitishi ukongwe tuliouandika. Huenda aliupita umri huo, huenda hakuufikia. Linalonisumbua ni kwamba tulitumia wino mwingi kwenye miaka yake na mchache mno kwenye ngoma yake. Unyago aliufundisha vipi? Alimkanda mwari kwa maneno gani, na mapigo gani ya msondo? Kwa mwimbaji Siti binti Saad alijifunza nini, na nini alikibadilisha? Tuzo ya WOMEX aliipata mwaka 2005, na filamu ya Andy Jones juu yake ikatoka 2006, ikitengenezwa na mtu aliyesafiri kuja kumsikiliza. Sisi tulikuwa mwendo wa boti tu kutoka Zanzibar.

Na hatuwezi kusema hatukuwa na wa kumuiga. Mwaka 1950, miezi michache kabla Siti hajafariki, Shaaban Robert alikwenda kuzungumza naye, kisha akaandika wasifu wake. Fikirieni uzito wa jambo hilo kwa wakati ule. Siti alikuwa binti wa Fumba, wa familia duni, aliyewahi kubeba vyungu kuviuza mjini. Hakuwa malkia wala mke wa liwali. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay pamoja na wenzake, akina Subeti Ambari na Maalim Shaaban, kuimba kwenye santuri. Shaaban Robert, mshairi mkubwa, hakuona aibu kumfanya mwimbaji kuwa shujaa wa kitabu. Kitabu kile kina sifa nyingi kuliko ninazopenda, na mafunzo ya maadili yanayomzidi Siti mwenyewe kimo. Namsamehe, kwa sababu alifanya jambo tusilolifanya sisi: alikwenda akamkuta hai.

Sasa niingie kwenye muziki wa dansi, maana huko ndiko maji yalikozidi unga. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ndiyo redio ya Bara. Bendi ilikwenda studio za redio, ikarekodi, wimbo ukarushwa hewani. Redio haikuwa kampuni ya kuuza santuri. Aliyetaka kuwa na wimbo nyumbani alikwenda duka la kurekodi kanda Kariakoo, akachagua nyimbo zake, akalipa mwenye duka. Mtunzi hakuwamo katika biashara hiyo. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, aliyeimba na Safari Trippers kisha Dar International, miaka yake ya mwisho alikuwa naye akiuza kanda. Alifariki Machi 1995, akiwa na miaka 40, hana kitu. Baada ya hapo kanda zake ziliendelea kuuzwa; kufa kufaana.

Lakini hebu tumuulize mwanasheria: nyimbo zile ni mali ya nani? Bendi nyingi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, lile la DDC. Vijana wa chama tawala walikuwa na yao, jeshi na polisi vilevile. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, mwanamuziki alikuwa mtu wa mshahara. Na mwanamuziki huyo hakutulia. Muhidin Maalim Gurumo alianza kung'ara NUTA, mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park na mtindo wa Sikinde, katikati ya miaka ya 1980 akahamia Orchestra Safari Sound, ndipo akarejea Msondo, kama ilivyoitwa bendi ile ya NUTA. Msondo wenyewe, kila chama cha wafanyakazi kilipobadili jina, nao ulibadili: NUTA, JUWATA, OTTU. Mtafiti asiyejua hilo atakuta kanda zenye majina matatu akaandika habari za bendi tatu. Gurumo angemweleza kwa dakika tano. Alifariki Aprili 2014.

Mwaka mmoja kabla, Gurumo alistaafu baada ya kuimba zaidi ya miaka 50, na ikajulikana kwamba hakuwa na gari. Diamond Platnumz akamzawadia moja. Nilisikia watu wakimbeza kijana yule kwamba alitafuta sifa. Sikubaliani nao, alilipa deni ambalo halikuwa lake. Hata hivyo gari ni zawadi. Malipo ya kila mara Msondo unapopigwa redioni ni haki, na haki inahitaji daftari lenye jina la mtunzi. Daftari hilo ndilo hatuna.

Mlinganisheni na Dakta Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Mwaka 1989 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake, na iliyofuata ikatoka 1992. Leo ukitaka kumsikia Remmy kwa sauti safi, unaelekea kwenye kazi hizo, si kwenye kanda za hapa alikoishi na kupendwa. Dar imemkumbuka kwa namna yake, na mimi naipenda namna hiyo: kuna kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy, na makonda wanaolitaja jina lake tangu alfajiri wengine walikuwa hawajazaliwa alipoimba Mambo kwa Soksi, wimbo wa kondomu ambao redio ya taifa haikutaka kuupiga. Alifariki Desemba 2010. Hakuna bodi ya manispaa ambayo ingefikiria kumpa heshima ile; abiria walimpa.

Wachekeshaji nitawagusa tu, ingawa kwao upotevu ni mbaya zaidi, kwa sababu kichekesho hakiandikiki. King Majuto alikuwa anamaliza sentensi kwa shingo. Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi cha Kenya, aliyefariki Julai 2015, alimwigiza mzee wa Kijaluo kwa lafudhi iliyowafanya watazamaji wengi waamini ni Mjaluo, kumbe Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Usanii wa namna hiyo usipobaki kwenye mkanda, maelezo ya profesa hayasaidii.

Basi idara yetu hapa chuoni inaweza kufanya nini? Kuanzia muhula ujao, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetaka kuandika juu ya msanii ataanza na aliye hai. Atakwenda kwake, atamwekea kanda zake mwenyewe, na atauliza wimbo kwa wimbo: nani alitunga, nani alipiga, mlilipwa nini. Asiulize kwanza juu ya wake za msanii. Magazeti yameshamaliza kazi hiyo.

Tusijidanganye kwamba muda upo. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na ya Kenya iko hivyo hivyo. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na Super Volcano alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Hesabu yake inafika mwaka 2029. Baada ya hapo yeyote atauza utunzi wake bila kuwaomba warithi ruhusa, na kama kuna wimbo wake unaolipwa kwa jina lisilo lake, muda wa kulirekebisha ndio huu uliobaki. Mmoja wenu humu ukumbini aliwahi kumwona na kumsikia akipiga gitaa, kwa macho yake na masikio yake. Nitaomba tuanze na yeye, maswali yakishakwisha.