Joto la Kiini cha Atomu: Kutoka Olkaria hadi Shinkolobwe

Mvuke wa Olkaria, kusini mwa Naivasha, ulianza kuzungusha turbini ya kwanza mwaka 1981, yenye uwezo wa megawati 15. Maji ya mvua hupenya katika nyufa za Bonde la Ufa, hufikia miamba iliyopashwa moto na magma, kisha huchimbiwa visima na kupanda juu yakiwa mvuke. Chanzo cha joto hilo kimezama zaidi ya magma. Takriban nusu ya joto linalotoka tumboni mwa dunia huzalishwa na viini vya atomu za urani, thoriamu na potasiamu vinavyojivunja vyenyewe, kidogo kidogo, tangu sayari ilipoumbika. Kaunti ya Nakuru haina kinu cha nyuklia hata kimoja, lakini sehemu ya umeme wake asili yake ni kiini cha atomu.

Kujivunja huko hakuna awezaye kukuharakisha wala kukuzuia. Mpasuko wa nyuklia, kinyume chake, huchochewa. Nyutroni ikigonga kiini cha urani-235, kiini hupasuka vipande viwili na kutoa nyutroni nyingine mbili au tatu, ambazo nazo hugonga viini vya jirani. Vipande hivyo vikijumlishwa pamoja na nyutroni zilizotoka, uzito wake hupungua kidogo, na kilichopungua ndicho kilichogeuka nishati. Kilo moja ya urani-235 ikipasuka yote, joto lake likigeuzwa umeme lingetosha kufanya kazi ya ile turbini ya kwanza ya Olkaria kwa takriban wiki tatu.

Ndani ya kinu, fito zenye boroni au kadimiamu humeza nyutroni zilizozidi, ili kila mpasuko uzae mwingine mmoja tu. Ulinganifu huo ulifikiwa mara ya kwanza Chicago tarehe 2 Desemba 1942. Joto linalopatikana huchemsha maji, mvuke huzungusha turbini, na kuanzia hapo fundi wa Olkaria hana jipya la kujifunza. Ugumu uko kwingine: kinu kikizimwa, mabaki ya mpasuko huendelea kujivunja na kutoa joto, mwanzoni takriban asilimia 6 ya nguvu ya kawaida. Fukushima, mwaka 2011, pampu za kupoza zilikosa umeme, na fueli ikayeyuka ingawa mpasuko wenyewe ulikuwa umekwisha kusimamishwa.

Kwa sababu hiyo kinu huhitaji maji mengi na ardhi tulivu. Bonde la Ufa la kati haliwezi kuahidi utulivu huo: tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la Subukia, la ukubwa wa takriban 6.9, lilipasua ardhi kwa makumi ya kilomita. Wakala wa Nguvu za Nyuklia na Nishati wa Kenya, uliowekwa na Sheria ya Nishati ya 2019, umeelekeza macho kwenye Uyombo, Kilifi, ambako wakazi walipinga waziwazi, na baadaye Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Wakazi hao wana haki ya kujibiwa kwa takwimu, si kwa ahadi.

Silaha hutumia mpasuko uleule bila kizuizi. Urani ya kawaida ina asilimia 0.7 tu ya urani-235. Vinu vingi vya umeme huhitaji asilimia 3 hadi 5, bomu takriban 90. Mashine zinazorutubisha urani, yaani kuongeza sehemu hiyo ya urani-235, kwa ajili ya umeme zinaweza kuendelea hadi kiwango cha bomu, na hapo ndipo penye chanzo cha hofu inayoleta ukaguzi wa kimataifa. Bomu la Hiroshima lilibeba takriban kilo 64 za urani. Iliyopasuka haikufika kilo moja, nayo iliteketeza mji. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu wa Marekani ilichimbwa na Wakongo huko Shinkolobwe, Katanga, na jasho lao halitajwi ipasavyo katika historia ya bomu.

Muungano wa viini ndio unaowasha jua, na kwa njia hiyo mahindi ya Njoro: viini vya haidrojeni huungana kuwa heli. Hapa duniani huhitaji joto la mamilioni ya nyuzi, na mwaka 1952 Marekani ililipata kwa kutumia bomu la mpasuko kama kiberiti. Kuutuliza ili uzalishe umeme bado. Desemba 2022, maabara ya California ilipata megajuli 3.15 kutoka kwa leza za megajuli 2.05, lakini kuziwasha leza hizo kulitumia umeme mwingi kupita hesabu hiyo.

Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi Cairo mwaka 1996, ulilitangaza bara la Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Kituo cha Kilimambogo, nchini Kenya, ni sehemu ya mtandao wa dunia unaosikiliza milipuko ya majaribio. Mlipuko husukuma ardhi pande zote kwa pamoja, ilhali ufa kama ule wa Subukia huteleza, na mawimbi ya viwili hivyo hutofautiana kiasi cha wataalamu kuyatenganisha.