Folda Ikibadilishwa Jina, Barua Isipotee

Maandishi ya mada iliyotolewa kwa makarani wa masjala na maafisa wa TEHAMA wa kaunti



Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi katika muda usiozidi siku 21, au saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Siku hizo huhesabiwa tangu ombi lipokelewe, si tangu karani alione. Kwa hivyo barua pepe iliyofika lakini haionekani ni deni linaloendelea kukua.

Sanduku la ofisi yenye shughuli nyingi lina maelfu ya barua. Hakuna karani anayezisoma zote kutafuta moja. Kazi hiyo hufanywa na programu ya faharasa, ambayo hupitia folda zote, huandika kila barua na mahali ilipo, kisha hujibu swali kwa sekunde chache. Tatizo huanza folda zinapobadilishwa majina. Katika kaunti jambo hilo ni la kawaida: serikali mpya ikiingia, idara huunganishwa au kugawanywa, na folda hufuata majina mapya.

Mara nyingi faharasa huona badiliko hilo. Mara chache haioni. Afisa akijaribu tena ili aonyeshe kosa, kila kitu kinakwenda sawa. Hitilafu ya namna hiyo, inayokuja na kuondoka, ndiyo inayochosha kuliko zote, kwa sababu aliyeiona huonekana kama ameota.

Muhuri wa wakati

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Notmuch, programu huria ya faharasa ya barua pepe iliyoanzishwa na Carl Worth mwaka 2009. Kwa kuwa programu hii ni huria, mtu yeyote anaweza kusoma jinsi inavyofanya kazi.

Notmuch huhudumia barua zilizohifadhiwa kila moja katika faili yake. Kufungua maelfu ya faili kila mara ni kazi ndefu, kwa hivyo programu hutumia njia ya mkato. Kila folda kwenye kompyuta ina muhuri wa wakati unaoonyesha ilibadilika lini mara ya mwisho. Programu ikimaliza kukagua folda, huandika muhuri huo katika hifadhidata yake. Ikirudi tena hulinganisha. Mihuri ikiwa sawa, haikagui upya faili za folda hiyo.

Karani wa masjala anaielewa njia hiyo vizuri. Ikiwa daftari la barua limepigwa muhuri ule ule wa jana, hakuna haja ya kulisoma tena.

Lakini muhuri hubadilika wapi folda inapopewa jina jipya? Si kwenye folda yenyewe. Fikiria chumba cha masjala chenye makabati, na mlangoni kuna orodha ya majina ya makabati hayo. Kabati likipewa jina jipya, majalada yaliyo ndani hayajaguswa. Kilichobadilika ni orodha ya mlangoni. Vivyo hivyo katika kompyuta, muhuri unaobadilika ni wa folda mama, ile iliyobeba folda iliyobadilishwa jina. Programu isipouona muhuri huo mpya, haitajua kwamba jina la zamani limeondoka.

Sekunde moja, mambo matatu

Notmuch huandika muhuri kwa sekunde kamili. Sasa chukua mambo matatu yanayotokea saa nne asubuhi, dakika tano, sekunde ya kumi. Kwanza, folda mpya inaundwa ndani ya folda mama. Pili, faharasa inakagua na kuandika muhuri wa sekunde hiyo ya kumi. Tatu, folda inabadilishwa jina kabla sekunde haijaisha. Muhuri wa folda mama bado unasoma sekunde ya kumi. Faharasa ikirudi baadaye, inaona mihuri miwili iliyo sawa na kuendelea na safari.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Programu huingia katika folda ndogo hata pale folda mama inapoonekana haijabadilika, kwa hivyo inaikuta folda yenye jina jipya na kuandika barua zake. Lakini haifuti jina la zamani. Barua moja inabaki na anwani mbili, moja hai na moja mfu. Jaribio lililotazamiwa kusema kwamba faili tatu zimebadilishwa majina linasema tu kwamba hakuna barua mpya. Afisa akifuata anwani mfu, anaambiwa faili haipo.

Ni vigumu kwa mtu anayetumia mkono kufanya mambo hayo matatu ndani ya sekunde moja. Kwa kompyuta inayofuata maagizo yaliyoandikwa, kama vile majaribio ya programu au kazi ya usiku ya kupanga folda, ni jambo rahisi. Ndiyo maana hitilafu huonekana zaidi kwenye mashine ya kasi na kujificha kwenye mashine ya polepole.

Namna ya kuifuatilia

Hatua ya kwanza ni kuandika kilichoonekana, neno kwa neno, pamoja na saa. "Barua imepotea" si maelezo. "Faili tatu zilitazamiwa, hakuna iliyoripotiwa" ni maelezo.

Hatua ya pili ni kurudia jaribio mara nyingi, hata mara mia mbili, na kuhesabu mara lilipofeli. Jaribio lililofaulu mara moja halithibitishi lolote kuhusu hitilafu inayokuja na kuondoka.

Hatua ya tatu ni kutazama kinachotokea uchunguzi wenyewe unapoipunguza programu kasi. Mara nyingi mtaalamu huongeza mistari ya kuandika kila hatua, na hitilafu hutoweka. Wengi hukata tamaa hapo. Kumbe hiyo ni dalili kubwa: ikiwa mwendo wa polepole unaiponya, chanzo huenda kiko kwenye wakati.

Hatua ya nne ni kulinganisha mihuri miwili, ule wa folda mama unaoonyeshwa na amri ya stat, na ule ulioandikwa katika hifadhidata. Ikiwa kila jaribio lililofeli lina mihuri sawa, mshukiwa amepatikana.

Hatua ya tano ni kuthibitisha pande zote mbili. Weka pumziko la sekunde mbili kati ya ukaguzi na badiliko la jina, uone kama hitilafu inaisha. Kisha irudishe mihuri iwe sawa kwa amri ya touch, uone kama hitilafu inatokea kila mara. Hitilafu inayokuja inapoitwa iko karibu kupona.

Dawa na mipaka yake

Pumziko la sekunde mbili ni chombo cha uchunguzi, si dawa. Linanyamazisha jaribio na kuliacha kosa ofisini.

Dawa iliyomo ndani ya Notmuch ni nyepesi. Ikiwa muhuri wa folda ni sawa na sekunde ya sasa, programu haiuandiki katika hifadhidata, kwa sababu jambo jingine laweza kutokea kabla sekunde haijaisha. Gharama yake ni kukagua folda hiyo tena safari ijayo. Faida yake ni kutoruka badiliko. Tena, programu huuliza kama mihuri ni sawa kabisa, haiulizi upi ni mkubwa. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma, folda iliyobadilika bado itakaguliwa.

Hata hivyo kuna nyufa zilizobaki. Folda zikiwa kwenye seva ya mbali ambayo saa yake haiendi sawa na ya kompyuta inayokagua, ulinganisho na sekunde ya sasa hauna maana. Nakala rudufu zikirejeshwa pamoja na mihuri yake ya zamani, folda iliyobadilika yaweza kuonekana kama haikuguswa. Kwa hali kama hizo Notmuch ina chaguo la --full-scan, linaloiagiza iache njia ya mkato na kukagua kila folda.

Mambo ya kuzingatia ofisini

1. Saa za seva na kompyuta zote zilinganishwe kupitia mtandao.

2. Folda zisibadilishwe majina wakati faharasa inakagua. Kazi hiyo ipangiwe saa yake.

3. Baada ya kubadilisha majina mengi, au kurejesha nakala rudufu, ukaguzi kamili ufanywe.

4. Idadi ya barua ihesabiwe kabla na baada. Tofauti ya barua moja ichunguzwe siku hiyo hiyo.

5. Anayeripoti hitilafu asiambiwe "ijaribu tena" kisha suala lifungwe. Ripoti yake iandikwe pamoja na saa na sekunde.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa leo una upana wa sekunde moja. Lakini katika sekunde hiyo panaweza kuangukia ombi la mwananchi, na mwananchi huyo anahesabu siku zake 21 bila kujua lolote kuhusu mihuri ya folda. Wala hapaswi kujua. Hiyo ni kazi ya ofisi.