Plamu Kavu Ziingie Sufuriani

Kwenye rafu za maduka makubwa ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, karibu na zabibu na tende, huwapo pakiti za tunda jeusi lenye mikunjo. Wengi hulipita. Anayelinunua, mara nyingi amefanya hivyo kwa sababu moja tu: choo kimekuwa kigumu, na mtu amemshauri ale plamu kavu. Atakula chache siku mbili tatu, tumbo litafunguka, na pakiti itasahaulika mpaka siku tatizo litakaporudi. Tunda tamu namna hii limefanywa dawa, na hasara ni ya mpishi na ya wale anaowapikia.

Sifa ya kulainisha choo ni ya haki, wala haina haja ya kufichwa. Gramu 100 za plamu kavu zina takriban gramu 7 za nyuzinyuzi. Zina pia sorbitoli, aina ya sukari ambayo utumbo hauwezi kuifyonza yote. Ile inayobaki huvuta maji, na choo kikawa laini. Barani Ulaya jambo hili liliwahi kuzusha ubishi mkubwa. Mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitamka kwamba ushahidi uliopelekwa hautoshi. Graham Watson, Mwingereza aliyekuwa Mbunge wa Bunge la Ulaya, hakuridhika hata kidogo, akamwalika kamishna wa afya, John Dalli, washindane kula plamu kavu ili ajionee mwenyewe. Ushahidi zaidi ukapelekwa, na mwaka 2012 mamlaka hiyo ikakubali kwamba gramu 100 kwa siku huchangia choo kuwa cha kawaida.

Wakati wakubwa wakibishana, wapishi walikuwa wanaendelea na kazi yao.

Tukianza na shamba, jina kubwa ni Agen, mji wa kusini-magharibi mwa Ufaransa. Huko plamu haichumwi mbichi. Huachwa mtini mwishoni mwa kiangazi mpaka iive barabara na sukari ijae, ndipo mti hutikiswa na matunda yakaanguka. Huoshwa, hutandazwa kwenye trei na kuingizwa katika vyumba vya hewa moto kwa takriban siku nzima. Kilo 3 na ushei za plamu mbichi hutoa kilo 1 tu ya plamu kavu. Si kila plamu inaweza kazi hii: nyingi zikianikwa nzima huchacha karibu na kokwa. Aina ya Agen ina sukari ya kutosha kukauka nzima, kokwa ikiwa ndani, bila kuharibika. Utamu huo ni wake wa asili, haukuongezwa kiwandani. Tangu mwaka 2002 jina la plamu kavu za Agen linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya. Vipandikizi vya mti huo vilivuka bahari miaka mingi kabla: mwaka 1856 ndugu wawili Wafaransa, Louis na Pierre Pellier, walivifikisha San Jose, California, na leo jimbo hilo, pamoja na nchi ya Chile, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani.

Ila anayetaka kujua tunda hili linaweza kufanya nini jikoni, heri atazame Moroko.

Huko kuna chakula cha harusi na cha wageni wa heshima: nyama ya kondoo kwa plamu kavu. Nyama hukaangwa kidogo na vitunguu maji, ikatiwa tangawizi, zafarani, mdalasini na pilipili manga, kisha ikaachwa moto mdogo mpaka iachie mfupa. Plamu hazitupwi humo tangu mwanzo, maana zingevurugika. Mpishi huchota upawa mmoja au miwili ya mchuzi, akautia kwenye sufuria ndogo, akaongeza plamu, kijiti cha mdalasini na asali kidogo. Baada ya dakika 10 hadi 15 plamu zimevimba, zinang'aa, na mchuzi wake umekuwa mzito. Ndipo humwagwa juu ya nyama, zikafuatia lozi za kukaanga na ufuta uliokaangwa mkavu. Utamu, uchachu na mafuta ya nyama hukutana mdomoni, na hakuna kinachomzidi mwenzake.

Viungo vyote hivyo vimo katika jiko la Unguja, Lamu na Mombasa. Mpishi wa pwani aliyezoea kurushia zabibu kwenye pilau ameshafika nusu ya njia. Kule Karachi, Pakistan, wapishi wengi hutia plamu kavu zilizo chachu ndani ya biriani, na anayeipata ya kwake kwenye sahani huifurahia. Nyama ya mbuzi, ambayo wengi huona ina harufu nzito, hupatana mno na tunda hili. Kuku wa kienyeji vilevile. Kama plamu ni ngumu, ziloweshwe dakika 20 kwenye chai ya rangi iliyo moto. Wafaransa hufanya hivyo, na chai huongeza ladha badala ya kuifuta. Zenye kokwa zihesabiwe kabla ya kuingia sufuriani, hasa palipo na watoto mezani.

Kwenye uokaji ndiko plamu kavu hustaajabisha zaidi. Watu wa Brittany, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, wana kitu kiitwacho far breton: mchanganyiko mwepesi wa unga, mayai, maziwa na sukari humiminwa juu ya plamu, ukaokwa, ukatoka mzito na laini kama kastadi inayokatika kwa kisu. Hakihitaji ufundi wala mashine.

Mbinu ya pili inamfaa zaidi anayetaka kupunguza mafuta. Plamu zisizo na kokwa, gramu 225 hivi, husagwa kwenye blenda pamoja na vijiko vikubwa 6 vya maji ya moto mpaka ziwe uji mzito. Uji huo huchukua nafasi ya nusu ya siagi kwenye keki. Gramu 100 za siagi zina zaidi ya kilokalori 700; uzito huohuo wa plamu kavu una kama 240. Sorbitoli ile inayovuta maji tumboni huyashika maji ndani ya keki pia, na ndiyo sababu keki hiyo huwa bado laini siku ya pili. Mpishi asiwe na tamaa ya kuondoa siagi yote, kwani keki itavutika kama mpira. Na achague keki nyeusi: ya kakao, ya tangawizi, ya mdalasini. Kwenye keki nyeupe, rangi ya plamu itaiharibu sura. Sukari nayo ipunguzwe, kwa sababu tunda limeshaleta ya kwake.

Hilo la sukari lisemwe wazi. Karibu gramu 38 katika kila gramu 100 ni sukari, hivyo mwenye kisukari azihesabu kama anavyohesabu wanga mwingine. Zina potasiamu nyingi, kwa hiyo mgonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye aulize, kwa kuwa vitamini K iliyomo huingiliana na dawa hiyo. Na asiyezoea asianze na bakuli zima. Gesi itamkosesha raha.

Kiasi ndicho kilichotoa matokeo mazuri hata kwa watafiti. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kilitoa matokeo ya utafiti wa mwaka mmoja kwa wanawake waliokoma hedhi, umri ambao mifupa huanza kupungua nguvu. Waliokula gramu 50 kwa siku, yaani plamu 5 au 6, walihifadhi uzito wa mfupa wa nyonga, huku wale ambao hawakupewa wakipoteza kiasi. Kundi la gramu 100 lilikuwa na walioacha njiani wengi zaidi. Plamu 5 au 6 kwa siku zinamezeka bila shida: mbili zikikatwakatwa kwenye uji wa ulezi asubuhi mahali pa sukari, zilizobaki zikiingia kwenye mchuzi wa jioni.

Bei ni kikwazo cha kweli, kwa sababu pakiti hizi hutoka nje ya nchi. Asiyezipata atumie tende, na akamulie maji ya ukwaju kidogo, kwani tende hazina uchachu. Anayezipata asome kwanza maandishi ya nyuma ya pakiti na kuchagua isiyoongezwa sukari. Kwa sufuria ya nyama ya watu wanne, plamu 8 zinatosha kwa kuanzia, na zitiwe dakika 15 kabla ya kuipua.