Mzigo na Mgongo wa Mchukuzi

Jioni ya leo nataka kusema nanyi habari za mizigo: namna ya kuchagua mikoba na vikapu, na namna ya kuvichukua ili shingo na mgongo visiumie. Huenda mtu akacheka akisema, "Je, kuchukua mzigo nako kwahitaji mwalimu?" Mtu huyo na asimame asubuhi pale Igoma, kando ya barabara iendayo Musoma, awatazame wapitao. Atamwona mama mwenye beseni la dagaa kichwani na mtoto mgongoni, na kijana aliyeinama chini ya gunia, na mwanafunzi ambaye begi lake lampiga mapajani kila aendapo hatua. Wote watatu watafika waendako; lakini usiku si wote watakaolala vizuri.

Kwanza tuujue uzito wenyewe. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi dumu la lita 20 ni kilo 20, na dumu lenyewe bado hatujalihesabu. Msichana mwenye kilo 40 akijitwika dumu hilo, amejitwika nusu ya mwili wake, naye labda apanda nalo kilima chenye mawe, kama vilivyo vilima vyetu vya Mwanza. Sisi watu wazima hupenda kupima mzigo kwa safari: "Aende mara moja amalize." Lakini mgongo hauhesabu safari, wahesabu kilo. Afadhali aende mara mbili na ndoo ya lita 10.

Babu zetu walilijua jambo hili. Wapagazi wa Kinyamwezi na wa Kisukuma, waliosafiri mpaka pwani katika karne ya 19, walikuwa na kipimo kilichojulikana: mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili au kasoro kidogo, yaani kilo 30 hivi. Linganisheni na lumbesa ya leo! Sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu gunia la mazao lizidi kilo 100, na bado watu huongeza juu yake kilemba cha viazi au vitunguu, wakakifunga kwa kamba. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mwanamume mzima asichukuzwe zaidi ya kilo 55. Watu huilalamikia lumbesa kwa kuwa yamwibia mkulima, na ni kweli. Mimi nasema yamwibia na mchukuzi, tena kitu kisichorudishwa kwa fedha. Penye mkokoteni au guta, gunia na lipande huko.

Juu ya kutwika kichwani, yako mambo ya ajabu. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Nairobi na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu. Waliona kwamba wanawake hao, waliozoea kazi hiyo tangu utoto, waweza kuchukua mzigo upatao sehemu moja ya tano ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu zaidi. Kwa mama mwenye kilo 60, hizo ni kilo 12. Ukizidi hapo, mwili huanza kulipa. Na wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini walipochunguzwa, habari zao zikatangazwa mwaka 2010, maumivu ya shingo ndiyo yaliyowashinda wengi waliojitwika. Basi ngata iwe nene na sawasawa, mzigo usiegemee upande, na mtu asijitwishe peke yake akiwapo wa kumsaidia. Ukiinua kitu kutoka chini, kunja magoti, kilete karibu na tumbo, wala usijipinde kiuno nacho mikononi.

Mkoba wa bega moja hulivuta bega hilo juu na shingo upande. Badilisha bega mara kwa mara. Vitu vya kikapu kizito vigawe katika viwili, kimoja kila mkono. Begi la shule liwe na kanda mbili pana, zote mbili zivaliwe, nalo lishike mgongo pasipo kuning'inia chini ya kiuno. Vitabu vizito vikae upande wa mgongoni. Na mwalimu awaambie watoto jana yake vitabu vitakavyotumika kesho, ili vingine vibaki nyumbani.

Mwaka 2018 wachunguzi wa Australia walikusanya kazi nyingi zilizoandikwa juu ya mabegi ya watoto. Hawakupata hakika kwamba uzito wa begi peke yake huleta maumivu ya mgongo. Lakini waliona dalili kwamba mtoto asemaye begi lake ni zito, huyo ndiye wa kuangaliwa. Nasi, mtoto akisema hivyo, humwitaje? Mvivu. Yafaa kwanza kulishika begi lake kwa mkono wetu.

Maumivu yakiisha kuingia, usilale kitandani siku nyingi. Tembea polepole na kufanya kazi nyepesi. Walakini mguu ukilegea au kufa ganzi, au haja ndogo ikizuilika au kutoka yenyewe, usingoje dawa ya kuchua. Nenda hospitali siku ile ile.