Sinia Moja, Bakuli Moja

Wiki hii nimepata ujumbe wa msikilizaji mmoja wa Temeke. Anasema ameitwa kwenye hitima kwao Kilwa, naye ana kikohozi cha siku tatu. Anauliza, aende au asiende? Asipokwenda watasema mjini kumemharibu. Akienda, anaogopa kuwapelekea wazee kitu asichokijua.

Swali hili nilitakiwa kujiuliza mimi mwenyewe Februari 2021, na sikujiuliza.

Kwetu ni Kitomanga, mkoani Lindi, ukiwa njiani kutoka Kilwa. Zamani, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mtu akifariki kijijini sisi wa Dar es Salaam tulifika amekwisha zikwa. Ulikuwa ukikwama kwenye pantoni ya Ndundu, Mto Rufiji umefurika, unalala hapo na mbu wako. Siku hizi unapanda basi Mbagala alfajiri, na mchana uko juu ya jamvi. Daraja limetuunganisha, jambo ambalo sote tunalishukuru. Lakini kikohozi nacho hakilali tena Ndundu.

Basi, mwaka ule nilikwenda kwenye arobaini ya mama yangu mdogo. Nilikuwa na mafua na kikohozi kidogo, nikasema ni vumbi la studio. Mkumbuke hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Takwimu zikatolewa hadi mwanzoni mwa Mei, wakiwa wamefikia wagonjwa 509 na vifo 21, kisha zikakoma. Mwaka mpya ulipoingia watu walikuwa wakizikana na kuambiana “changamoto ya kupumua”. Februari 17, 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimekwisha kueleza kwamba ana korona. Mimi ni mwandishi wa habari. Siwezi kusema sikusikia.

Pale nyumbani palikuwa na ndoo ya maji yenye bomba, na kipande cha sabuni kimefungwa kwenye neti. Nilinawa vizuri sana. Kisha nikaingia ndani, chumba cha mbele, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, tukakaa bega kwa bega kwa muda wa kisomo chote. Likaletwa sinia la pilau. Mjomba akaniita nikae ubavuni pake. Wanaotoka kwetu wanajua maana yake: mjomba ndiye mwenye ukoo, akikuita huchelewi. “Shikamoo mjomba.” “Marahaba, mwanangu. Mbona unakohoa?” “Vumbi tu, mjomba.” Tukala, tukacheka, nikamsimulia habari za mjini karibu masikioni maana alikuwa hasikii vizuri.

Hapo ndipo penye kosa tulilolifanya wengi, na nataka nikae hapo kidogo. Sisi tulijifunza usafi kwa kipindupindu. Nilikuwa kijana wa sekondari mwaka 1997, mwaka ambao nchi yetu ilipata wagonjwa zaidi ya 40,000 na vifo zaidi ya 2,200. Desturi ya shughuli wakati ule ilikuwa bakuli moja la kunawia, linapita kwa wote. Anayenawa wa kumi ananawa mikono ya tisa waliomtangulia. Bibi yangu aliliondoa lile bakuli. Alimweka binti mlangoni na birika, kila mtu akamiminiwa maji na kuyaacha yaanguke mchangani. Wazee walinung'unika: “Bi mkubwa, leo umetuona wachafu?” Akawajibu kwamba ugonjwa ule haumjui muungwana. Maji ya kunywa yakachemshwa, na kachumbari ikafutwa kabisa siku ile, jambo lililowauma watu kuliko bakuli.

Bibi hakusoma, lakini alikuwa sahihi kabisa. Vimelea vya kipindupindu hutoka na choo, huingia kwa mdomo, kupitia maji, chakula na mikono. Tena mtu anaweza kuwa navyo asiumwe hata tumbo. Ukiikata njia ya mkono na maji, umekata sehemu kubwa ya safari yake. Na ugonjwa wenyewe haujatuaga: mwaka 2024 ulipita tena katika mikoa kadhaa.

Korona ilikuja kwa njia nyingine, sisi tukaipokea kwenye mlango uleule wa zamani. Kunawa kulisaidia, sikatai. Lakini njia yake kubwa ni pumzi: unayoitoa ukizungumza, ukiimba, ukikohoa ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Tuliweka ndoo mlangoni, kisha tukafunga madirisha. Ajabu ni kwamba desturi yetu wenyewe ilikuwa na dawa. Shughuli za pwani tangu zamani ni za nje, chini ya mkorosho au mwembe, upepo unapita. Ni sisi wa mjini tuliowafundisha wenzetu kwamba heshima ni ukumbi wenye viyoyozi na mapazia mazito.

Siku ya tano baada ya mimi kurudi, mjomba alishikwa na homa. Wiki ya tatu alifariki, akihangaika kupata pumzi. Hakupimwa, nami sikupimwa. Chanjo ilikuwa bado. Rais Samia alichanjwa hadharani Julai 28 mwaka ule. Kwa hiyo sina ushahidi kwamba ni mimi, na tulikuwa wengi mle chumbani. Mkaza mjomba ananiambia ni siku yake ilikuwa imefika. Hakuna ndugu aliyewahi kuninyooshea kidole.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba dharura ile imekwisha. Lakini wazee wenye pumu na kisukari wapo kila shughuli, na mafua tu yanawatosha. Kwa hiyo ndugu yangu wa Temeke, ukiwa unakohoa, usiende. Piga simu, ongea na mwenye shughuli mwenyewe, si kumtuma mtu. Mwambie ukweli kwamba unaumwa. Mchango wako utume siku hiyohiyo, maana mchele haungoji upone. Ukishapona nenda ukahani, kaa siku mbili. Utasikilizwa kuliko siku ya watu wengi. Na kama umekwisha fika ndipo kikohozi kikakuanza, omba sahani yako, vaa barakoa, kaa upande upepo unakokwenda, wazee wawe upande unakotoka. Watakutazama. Waache.

Hitima ya mjomba niliihudhuria mwezi Aprili. Nilikuwa mzima, lakini nilikaa nje chini ya mkorosho, na sahani yangu mapajani. Mtoto mmoja akaja kuniuliza kama nimegombana na watu wa ndani.