Kachanjwa na Bado Anaharisha: Virusi vya Rota na Kinga ya Utumbo wa Mtoto



Mama anarudi kliniki na mtoto aliyelegea, kadi mkononi: "Nesi, si alipewa matone? Mbona anaharisha?" Tumezoea kumjibu kwamba chanjo haizuii kila kitu, kisha tunamwita anayefuata. Anastahili jibu kamili, na jibu hilo limo utumboni.

Virusi vya rota vilitambuliwa mwaka 1973 huko Melbourne, Australia, pale Ruth Bishop na wenzake walipochunguza kwa hadubini ya elektroni vipande vya utumbo wa watoto wenye kuharisha. Vina umbo la gurudumu, na ndiyo maana ya neno rota kwa Kilatini. Huvamia ncha za vinyweleo vya utumbo mwembamba, vile vijidole vidogo vinavyofyonza maji na chakula. Seli za ncha zikifa, maji hayafyonzwi. Juu ya hapo, virusi hutoa protini inayoufanya utumbo umwage maji zaidi. Basi mtoto aliyecheza asubuhi, jioni utosi umebonyea, analia bila machozi, na ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi.

Kingamwili zenye kazi kubwa hapa ni zile zinazomwagwa juu ya ukuta wa utumbo wenyewe, zikivinasa virusi kabla havijaingia kwenye seli. Mwili hujifunza kuzitengeneza kwa kukutana na adui. Mara nyingi shambulio la kwanza ndilo kali. Yanayofuata huja yamepungua nguvu. Ndiyo sababu tunadondosha virusi vilivyodhoofishwa ndani ya shavu la mtoto, na hatumchomi sindano: somo linatolewa palepale vita vitakapopiganwa.

Tuseme na ukweli mwingine. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba chanjo ilizuia takriban asilimia 77 ya visa vikali Afrika Kusini, lakini asilimia 49 tu Malawi. Kingamwili alizorithi mtoto kwa mama, lishe duni na vijidudu vingine utumboni vyote vinatajwa kuwa sababu. Hata hivyo, kwa kuwa Malawi ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi, visa vilivyozuiwa kwa kila watoto 100 waliochanjwa vilikuwa vingi kuliko vya Afrika Kusini. Takwimu hiyo mimi naithamini kuliko zote. Na tusimkataze mama kunyonyesha kabla ya matone kwa kuhofia kwamba maziwa yatapunguza nguvu ya chanjo. Hilo limejaribiwa, halikusaidia.

Kwa hiyo mama yule aambiwe kwamba kuharisha kuna vyanzo vingi, matone yanapambana na kimoja, na hata hicho kikipenya mara nyingi huwa kimepunguzwa makali. Kisha aketi, tukoroge naye pakiti ya ORS katika lita moja ya maji salama, aanze kumnywesha mtoto kijiko kwa kijiko hapohapo kwenye benchi, na aondoke na zinki ya siku 10 hadi 14, akijua kwamba haikatizwi hata choo kikishakaza.